Jinsi ya kukagua mimea ya majabali ya mtoni hapa Uganda: anza na maji

Watu wengi wakienda Itanda, yale maporomoko ya Nile karibu na Jinja, wanaangalia maji tu, wanapiga picha ya povu, wanapiga selfi, alafu wanarudi Jinja kula samaki. Jiwe lenyewe haliangaliwi. Na kwenye lile jiwe, pale maji yanapopiga na kurudi, kuna mimea ambayo huwezi kuikuta shambani wala msituni wala kwenye kinamasi, inaishi pale tu ambapo mto unaifunika miezi kadhaa alafu unaiachia ipate jua. Mingine ni adimu kiasi kwamba aina nzima inaweza kuwa kwenye poromoko moja tu la mto mmoja duniani.

Haya nayaandika kwa mtu yeyote anayekaa karibu na mto wenye mawe, awe mwalimu, mvuvi, kijana wa rafti, mwanafunzi, mama anayefua pale kila Jumamosi. Ntaeleza namna ya kuitafuta hiyo mimea, kuitambua hata kama hujui jina lake, na kuiandika vizuri ili mtu akija miaka kumi mbele aweze kutumia ulichoandika. Digrii haihitajiki. Kinachohitajika ni daftari, simu yenye kamera, kamba, na subira ya kusubiri mto ushuke.

Kabla hujagusa jani lolote, andika maji

Hapa ndo watu wanakosea sana. Mtu anafika, anaona ua zuri, anapiga picha, anaandika "mto Nile, ua la zambarau", basi. Hiyo picha ni nzuri ila haisemi kitu kikubwa, kwa sababu mimea hii maisha yake yote yanaongozwa na jinsi maji yanavyopanda na kushuka. Orodha ya mimea bila kimo cha maji ni nusu ya kazi. Kesho bwawa likijengwa juu ya mto, au mtu akichota maji ya kumwagilia, kitu cha kwanza kubadilika ni kimo cha maji na saa zake, na kama hukukiandika huwezi kuonyesha kwamba kuna kilichobadilika.

Fanya hivi. Chagua jabali moja kubwa lisilotikisika ambalo kila mtu kijijini analijua, na kama wenyeji wameshalipa jina tumia hilohilo jina. Simama mahali salama, pima kutoka kichwa cha jabali kushuka hadi usawa wa maji, kwa tepu au kwa fimbo uliyoiwekea alama za sentimita. Andika tarehe na saa. Rudia jioni kama bado uko. Alafu tafuta mvuvi mzee umuulize, "Mzee, mvua kubwa ya mwisho maji yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole, na mara nyingi atakuonyesha pia ya zamani zaidi. Piga picha pale alipoonyesha, maana kumbukumbu kama hiyo hamna ofisi iliyoihifadhi.

Ila ujue mito yetu haifanani, na namna ya kuisoma inabadilika.

Nile kutoka Jinja kushuka inategemea Ziwa Victoria, kwa hiyo haipandi kwa mvua ya jana usiku, inapanda na kushuka polepole kwa miezi na hata miaka kufuata ziwa. Mwaka 1964 ziwa lilipanda sana, na Mei 2020 likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita kidogo hata ile rekodi ya zamani. Mimea iliyokuwa inakaa nchi kavu mwaka 2018 ilikuwa chini ya maji 2020. Lakini juu ya huo mwendo wa polepole kuna mwendo mwingine wa kila siku unaoletwa na mabwawa, Nalubaale ya mwaka 1954, Kiira, Bujagali ya 2012, Isimba ya 2019, Karuma ya 2024. Umeme ukihitajika zaidi jioni, maji yanayopita kwenye mitambo yanaweza kuongezeka, kwa hiyo kipimo kimoja cha saa nne asubuhi hakitoshi kabisa kwenye Nile.

Kaskazini, kama Aswa, ni tofauti. Kule mvua inaanza karibu na Aprili inaendelea hadi Oktoba au Novemba, alafu kiangazi kinashika na mto unashuka hadi mwamba unabaki wazi na vidimbwi vya maji katikati. Kama unaanza kujifunza, anzia mto wa namna hii, kati ya Desemba na Februari, kila kitu kiko wazi mbele yako.

Alafu kuna mito ya milimani, Nyamwamba na Mubuku kutoka Rwenzori, Sipi na Sironko na Manafwa kutoka Elgon. Hii inapanda kwa masaa. Kasese jua linawaka, kumbe juu mlimani mvua imemwagika na maji yanakuja na mawe. Nyamwamba mwaka 2013, na tena 2020, ilibeba majabali ikabomoa nyumba na madaraja, 2020 ikaharibu mpaka hospitali ya Kilembe. Sasa ntasema kitu ambacho nakiamini kabisa: ukienda kwenye mito hii usianze kuwaambia watu kwamba mafuriko ni mazuri kwa mimea. Ni kweli kwa mimea, ila unaongea na mtu aliyepoteza nyumba au ndugu. Uliza kwanza, sikiliza, alafu eleza unachotafuta kwa upole.

Kwa nini mafuriko yanaihifadhi

Ufupi wake ni kwamba mafuriko yanafagia. Kila baada ya muda maji makubwa yanakuja yanang'oa miche ya miti mikubwa, yanakwangua tope kwenye mwamba, yanafungua mwanga, yanaacha mchanga mpya kwenye nyufa. Mmea mdogo unaojua kushika jiwe unabaki, mti mkubwa unaotaka kutulia unaondoka. Mafuriko yakikoma kabisa, baada ya miaka kadhaa vichaka vinafunika kingo, kivuli kinaingia, na hii mimea ya jua inakufa bila mtu kuikata. Mafuriko yakizidi, nayo yanabeba kila kitu. Kwa hiyo inaishi katikati hapo, na hiyo katikati ni nyembamba.

Sio Afrika tu. Kuna ua linaitwa Pedicularis furbishiae linaloota kwenye kingo za mto Saint John, kati ya jimbo la Maine kule Marekani na New Brunswick ya Kanada, na sehemu nyingine yoyote duniani halipo. Kule kinachofagia ni mabonge ya barafu yanayosukumwa na mto wakati barafu inayeyuka, yanakwangua kingo na vichaka vinaondoka. Watu walidhani limeshapotea duniani mpaka likaonekana tena mwaka 1976, wakati kuna mpango wa bwawa kubwa kwenye mto huohuo, na mpango ule mwishoni ulifutwa. Ukiondoa barafu ukaweka maji ya tope la Aswa, mwendo ni uleule.

Soma ukingo kutoka juu kushuka

Usianze majini. Anzia juu kabisa, pale ambapo una uhakika maji hayafiki, alafu shuka taratibu ukitafuta alama. Ya kwanza ni takataka, yaani majani makavu, vijiti, mabua, kaveera (mifuko ya plastiki) zilizonasa kwenye matawi, hizo zinakuonyesha mafuriko ya mwisho yalifika wapi, na kama zimenasa juu ya kichwa chako basi ujue na mahali pa kutoweka kambi. Ya pili ni rangi ya jiwe. Sehemu ambayo maji hayafiki mara kwa mara jiwe lina madoa ya kijivu na manjano yaliyogandamana nalo, hayang'oki kwa ukucha, hivo ni viumbe hai vinavyokua polepole sana na havipendi kuzamishwa. Pale madoa yanapokatika ghafla na jiwe kuwa safi au jeusi la kuteleza, hapo ndo mstari wa maji ya kawaida ya masika. Ya tatu ni miti yenyewe, angalia matawi yamelalia upande gani. Kichaka kinachopigwa na mafuriko kinalala kuelekea maji yanakoenda, na mara nyingi kina majani membamba na shina linalopinda bila kuvunjika.

Juu ya mstari utakuta msitu au vichaka vya kawaida, na kwenye sehemu zilizovurugwa utakuta Lantana na ile Mimosa pigra yenye miiba ambayo asili yake ni Amerika. Ziandike pia. Ukiona zinashuka mwaka hadi mwaka kuelekea majini, hiyo ni dalili kwamba mto haufagii tena kama zamani, na dalili hii mtu wa kawaida anaweza kuiona kwa macho bila mashine yoyote.

Kidogo chini yake unakuta mikindu, ile Phoenix reclinata ambayo akina mama wanasukia mikeka, na miti ya jamii ya Syzygium ambayo mizizi yake inaingia kwenye nyufa kwa nguvu mpaka huelewi jiwe ndo limeshika mti au mti ndo umeshika jiwe. Hii inavumilia kuzama kwa muda.

Shuka tena. Sasa uko kwenye nyufa na yale mashimo ya mviringo ambayo kokoto zimeyachimba kwa kuzunguka na maji. Usiyapite haraka. Ndani yake kuna mchanga kidogo, unyevu kidogo, na mimea midogo ya msimu mmoja, ndago za aina nyingi, nyasi fupi, vimaua vya milimita chache ambavyo vinaota, vinachanua na kumwaga mbegu ndani ya wiki chache kabla maji hayajarudi. Piga magoti. Mtu akiwa amesimama haoni kitu hapa.

Kwenye kivuli karibu na maji yanayorusha matone angalia pia majani ya kijani kizito ya jamii ya kangaga (fern) yanayotambaa juu ya jiwe, kama Bolbitis heudelotii ambayo inajulikana kwenye mito yenye mawe sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki na watu wa Ulaya wanaifuga kwenye matangi ya samaki.

Wenyewe wa majini

Sasa tumefika pale ninapopapenda kuliko kote. Kwenye mwamba ambao maji ya kasi yanapita juu yake karibu mwaka mzima, hapo kuna familia inaitwa Podostemaceae. Duniani ina aina kama 300 hivi, karibu zote za maji ya kasi na maporomoko. Ukiiona mara ya kwanza utasema ni utelezi wa kijani tu, au mwani, na hapo ndo wengi wanapoipita. Lakini ni mmea wa maua kabisa, una ua, una mbegu, una chavua. Kwa kawaida hauna mizizi ya kuingia ardhini maana ardhi haipo, unajigandisha kwenye jiwe tupu kwa gundi yake mwenyewe, na unasimama hapo huku maji yakipita kwa nguvu inayoweza kumbeba mtu mzima.

Maisha yake ni hivi. Mto ukiwa umejaa mmea unakula mwanga chini ya maji na kukua. Mto ukianza kushuka na jua kugusa mwamba, unatoa maua haraka, maua madogo sana, alafu mmea wenyewe unakauka na kufa juu ya jiwe. Mbegu ni kama vumbi. Maji yakirudi, ganda la mbegu linalowa na kuwa la kunata, mbegu inashika jiwe kabla haijabebwa, na mzunguko unaanza tena. Sasa fikiria bwawa linalozamisha poromoko moja kwa moja: hamna kushuka tena, hamna ua, hamna mbegu, na maji yametulia hayana hewa ya kutosha. Au fikiria upande mwingine, maji yamegeuzwa yapite kwenye mahandaki kwenda kwenye mitambo, kama Karuma, alafu kipande cha mto wa asili chenye mawe kinabaki na maji pungufu. Vyote viwili vinaugusa mmea huu kwenye mzunguko wake.

Wa kuanza kuutafuta ni Tristicha trifaria, kwa sababu umesambaa sana Afrika na mpaka Amerika ya kitropiki uko. Vishina vyake ni vyembamba vyenye vijani vidogo vidogo vilivyopangwa kwa safu tatu, jina lenyewe linakukumbusha hiyo tatu. Ukishauzoea huo macho yanafunguka, unaanza kuona kwamba kile kingine pembeni hakifanani nao, na hapo ndo pa kuweka alama mara mbili kwenye daftari maana inawezekana ni kitu adimu.

Kwa nini nasisitiza kuandika mapema? Kule Guinea, mwaka 2018, mtafiti wa nchi hiyo Denise Molmou alikusanya mmea wa familia hii kwenye poromoko la mto Konkouré. Wataalam wakauchunguza, wakakuta ni aina mpya kwa sayansi, wakaipa jina lake, Saxicolella deniseae, likachapishwa 2022. Lakini picha za setilaiti zilionyesha poromoko lile tayari limeshazamishwa na bwawa la Souapiti. Yaani mmea ulipata jina wakati pengine haupo tena duniani. Na hapa kwetu maporomoko ya Bujagali yenyewe yalizama chini ya bwawa lake, na kabla yake maporomoko ya Ripon yalizama wakati wa Nalubaale. Sisi tuliobaki na Kalagala na Itanda, ambazo serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 zisijengewe bwawa la umeme ili kufidia Bujagali, tuna sababu ya kuzikagua jiwe kwa jiwe.

Kazi ya kamba

Ukishasoma ukingo kwa macho sasa uandike kwa mpangilio. Funga kamba juu kwenye mti nje ya mstari wa mafuriko, ishushe moja kwa moja hadi ukingo wa maji, iwe na fundo kila mita. Tengeneza fremu ya mraba ya waya, sentimita 50 kila upande. Kwenye kila fundo laza fremu, piga picha ukiwa juu yake wima, andika: fundo la ngapi, jiwe tupu asilimia ngapi, mchanga asilimia ngapi, mimea mingapi tofauti, mkubwa zaidi urefu gani. Kama hujui majina wape namba, M1, M2, M3, na namba hiyohiyo itumike kote usije ukaichanganya. Kamba tatu kwenye ukingo mmoja, juu ya poromoko, katikati na chini yake, zinakupa picha nzuri kuliko kamba ishirini za kukimbiakimbia.

Usipake rangi kwenye jiwe kuweka alama. Rangi inaua kile ulichokuja kukiangalia na inaudhi wenyeji. Piga picha ya pale ulipofunga kamba ukionyesha jabali lenye jina na mti mkubwa nyuma, pamoja na lokesheni ya simu, inatosha.

Picha za mmea mmoja mmoja zipigwe kwa utaratibu: kwanza ukingo mzima ukionyesha maji yanaelekea wapi, alafu mmea wote mahali pake, alafu jani juu na chini, alafu ua au tunda kwa karibu. Weka sarafu pembeni ipimie ukubwa. Kwa vile vidogo vya kwenye mwamba nunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, na kama huna, kioo cha kukuzia ukikiweka mbele ya kamera kinafanya kazi. Usipige kwenye jua kali la saa saba, jiwe lililolowa linang'aa linafuta kila kitu, tumia kivuli cha mwili wako au mwavuli.

Kuchukua sampuli, na lini usichukue

Maoni yangu, kama hukutumwa na taasisi usichukue, picha nzuri na kimo cha maji vinatosha kabisa. Kama unafanya kazi na herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Makerere, watakuelekeza vibali, na ndani ya hifadhi kama Murchison Falls lazima UWA, mamlaka ya wanyamapori, iwe imekubali, misitu ya serikali ni NFA, mamlaka ya misitu. Mimea ya kawaida unaikausha kwa kuibana kati ya magazeti ya zamani na mbao mbili, unabadilisha gazeti kila siku. Ila Podostemaceae ukiibana hivo inakuwa doa tu kwenye karatasi, iweke kwenye chupa ndogo yenye spiriti ya asilimia 70, pamoja na kipande chembamba cha jiwe kama kimebanduka chenyewe. Waragi haitoshi, maji yake ni mengi na sampuli itaoza. Kipande kidogo cha jani kikaushe pia kwenye zile chembe za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, hicho ni kwa ajili ya DNA. Na andika kwa penseli, wino unafutika kwenye spiriti.

Kitu kimoja nasema bila kulegeza. Ukifika korongo la mto Mpanga, kule magharibi kabla mto haujaingia Ziwa George, utakuta kwenye miteremko ya mawe Encephalartos whitelockii, mmea wa kale kabisa wenye shina nene, majani magumu ya miiba na koni badala ya maua. Umepewa jina la kisayansi mwaka 1995, makazi yake ya asili ni huko tu, na uko kwenye kundi la mimea iliyo hatarini zaidi kutoweka. Ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 18 pale ulishakata baadhi. Mimea yote ya jenasi hii biashara yake ya kimataifa imezuiwa kwenye ngazi ya juu kabisa ya mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na bado kuna watu wanaing'oa kuuza kama pambo. Kwa hiyo usiweke lokesheni yake kamili kwenye mtandao, zima lokesheni kwenye kamera kabla hujapiga. Ukitumia iNaturalist, ile tovuti ya kuweka picha za viumbe, chagua kuficha mahali, na usiandike kwenye maelezo "mita 200 baada ya daraja", maana hapo umeshamwelekeza mwizi.

Watu na hatari

Ukifika kijijini anza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mwambie unachofanya, mwonyeshe daftari. Sehemu nyingi za maporomoko ni mahali pa ibada, Basoga wana heshima kubwa kwa Budhagaali, roho ya maporomoko ya Bujagali, na ukikuta kipande cha lubugo (kitambaa cha gome la mti) kimefungwa kwenye mti, au sarafu na mabuyu kwenye mwanya wa jiwe, usiguse, usipige picha, uliza mzee wa pale kama unaweza kupita. Mara nyingi mahali kama hapo ndo mimea imebaki vizuri kwa sababu watu wamepaheshimu vizazi na vizazi, na mzee huyo anajua mengi kuliko mgeni yeyote mwenye lenzi. Wavunja kokoto na wachimba mchanga pia usiwaendee kama polisi. Wao wanajua jiwe lipi lilikuwa wapi mwaka juzi.

Majini mwenyewe: usiende peke yako, vaa viatu vinavyoshika, usikanyage jiwe jeusi linalong'aa. Chini ya mabwawa maji yanaweza kupanda ghafla, ukisikia king'ora panda juu kwanza uulize baadaye. Viboko na mamba wapo, hasa kuelekea Karuma na Murchison, uliza wavuvi asubuhi hiyohiyo. Kwenye vidimbwi vilivyotulia pembeni kuna kichocho, kaa kwenye maji kwa muda mfupi, na baada ya wiki kadhaa nenda kapime, dawa yake ipo na inatibu. Vaa mikono mirefu pia kwa ajili ya wale nzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye maji ya kasi.

Ukishamaliza upeleke wapi

Nakala moja ibaki kijijini, shuleni au kwa mwenyekiti. Ya pili mpe afisa mazingira wa wilaya. Picha za mimea isiyo ya siri ziweke iNaturalist ambako wataalam wa nje wanaweza kuzitambua, na kama una M7 au M12 ambayo hakuna anayeijua, wasiliana na herbaria ya Makerere au bustani ya Entebbe uwapelekee picha.

Ujue na sheria kidogo. Kanuni za mwaka 2000 za ardhioevu na kingo za mito zinalinda mita 100 kutoka alama ya juu kabisa ya maji kwenye Nile na mito mingine mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwenye iliyobaki. Alama ya juu ya maji ndo ile uliyoonyeshwa na mzee na kuipiga picha siku ya kwanza, kwa hiyo mtu akija kulima au kujenga mpaka ukingoni akidai maji hayafiki hapo, una kitu cha kumwonyesha afisa. Na mradi mkubwa ukija, ile tathmini ya athari za mazingira inatakiwa kusikiliza maoni ya wananchi. Ukienda mkutanoni na kauli kwamba mto wetu ni mzuri watakupigia makofi na kuendelea. Ukienda na jedwali linaloonyesha mmea fulani unachanua pale tu maji yanapokuwa sentimita 80 chini ya jabali, mwezi fulani, miaka mitatu mfululizo, lazima wajibu swali la maji mangapi wataachia na lini.

Mwisho ni kurudi. Usirudi kwa tarehe, rudi kwa kimo. Piga simu kwa yule mvuvi umuulize maji yako wapi kwenye jabali, na siku akisema yamefika palepale pa mwaka jana, beba kamba yako uende, uanze na fundo la kwanza.